Tunapunja saa za kazi, kisha tunalalamika hatuoni baraka

 

Ndugu msomaji, naomba nianze kwa kujishitaki mwenyewe kabla sijamnyooshea mtu mwingine kidole. Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari. Miaka michache iliyopita nilikuwa nawafundisha vijana wa Kidato cha Pili uadilifu katika biashara, nikaifikia Suratul-Mutaffifiin. Niliieleza sura ile kwa jazba kubwa. Nikawataja wanaonunua mazao ya mkulima kwa lumbesa, gunia limejazwa mpaka limeota kichwa, halafu wakifika mjini wanatuuzia kwa kopo lililobonyezwa kitako. Nikawaambia wanafunzi kwamba hao ndio Allah (s.w.) anaowatishia adhabu mwanzoni mwa sura: wakipokea kwa watu wanataka kipimo kijae, wakiwapimia watu wanapunguza.

Darasa lilikuwa kimya. Nikauliza kama kuna swali. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Ustadhi, madaftari yetu utaturudishia lini?"

Darasa zima likacheka. Madaftari yale yalikuwa ndani ya kabati la ofisi ya walimu, wiki ya tano hiyo, sijasahihisha hata moja. Na mshahara wa mwezi ule nilikuwa nimeshaupokea, haukupungua hata shilingi.

Sidhani kama yule kijana alikusudia kunifedhehesha. Alikuwa anataka daftari lake tu. Lakini siku ile alinisomea tafsiri ya Suratul-Mutaffifiin ambayo sikuipata chuo kikuu. Mimi niliyekuwa nawalaani wenye lumbesa nilikuwa nimepokea mshahara uliojaa na kumpimia mtoto wa watu kwa kopo lililobonyezwa.

Ibn Abbas (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wake ni wabaya sana katika vipimo, ndipo Allah (s.w.) akaiteremsha sura ile, na baada ya hapo wakatengeneza vipimo vyao. Tuzingatie kwamba watu walirekebishwa mizani mwanzoni kabisa mwa ujenzi wa jamii ya Kiislamu. Leo sokoni tunao Wakala wa Vipimo wanaokagua mizani ya muuza nyama na pampu ya muuza mafuta. Mizani ya aliyeajiriwa kwa saa haina wakala. Anayeijua ni yeye mwenyewe, na Malaika wawili wanaoandika.

Hebu tupige hesabu kidogo. Ofisi nyingi za serikali hapa Tanzania Bara hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Hizo ni saa nane, na ndizo zilizouzwa. Sasa tuchukulie mfanyakazi ambaye amefika kwa wakati, kitabu cha mahudhurio amesaini vizuri. Kisha chai na maandazi, habari za mpira wa jana, salamu za meza hadi meza, mpaka saa tatu. Saa sita anatoka kwenda kula, anarudi saa nane. Saa tisa ameshafunga droo, anatazama mlango. Kilichobaki ni saa nne, tena hapo hatujagusa simu. Na hii simu, wallahi, ina mambo. Utamkuta ndugu yetu saa nne asubuhi, wateja wamejipanga mbele ya dirisha lake, yeye ameinamisha kichwa anasambaza mawaidha kwenye kundi la WhatsApp la msikiti wao. Huenda mawaidha yenyewe yanahusu uaminifu!

Muuza sukari akikuuzia kilo moja, ukafika nyumbani ukaikuta nusu, utasemaje? Utarudi dukani kwake na majirani. Lakini aliyeuza saa nane akatoa nne, tunamwita mjanja, na akitoka hapo anapita kumnunulia mwanawe maziwa kwa pesa hiyo, na jioni anauliza kwa nini mshahara hautoshi.

Mshahara mdogo

Najua jibu litakalotolewa, kwa sababu hata mimi nimelitumia miaka mingi. "Wao wanajifanya kutulipa, na sisi tunajifanya kufanya kazi." Na ni kweli kwamba wapo wanaodhulumiwa. Kuna watu wana malimbikizo ya miaka, kuna walinzi wanaosimama usiku kucha kwa ujira usiofika tarehe ishirini. Uislamu haukuwanyamazia waajiri. Mtume (s.a.w.) ameamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, kama alivyopokea Ibn Majah. Na katika hadithi ya Bukhari, Allah (s.w.) mwenyewe atakuwa mgomvi wa watu watatu Siku ya Kiyama, mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Nani atasimama kesi hiyo ashinde?

Na hapa tusiwaangalie matajiri wa viwanda peke yao. Kuna kamati zetu za misikiti ambazo ustadhi wa madrasa anafundisha watoto themanini, miezi mitatu hajapewa kitu, akiuliza anaambiwa malipo yake yako kwa Allah. Mafundi waliojenga choo cha msikiti huohuo walilipwa siku ileile, hawakuambiwa maneno hayo.

Pamoja na hayo yote, dhuluma ya mwajiri haikuhalalishii kupunja. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba Mtume (s.a.w.) ameelekeza kumrudishia amana yule aliyekuamini, na kutomfanyia hiana hata aliyekufanyia wewe hiana. Kudai haki kuna njia zake: mkataba, chama cha wafanyakazi, tume ya usuluhishi, mahakama. Njia hizo ni za wazi, mtu anasimama anasema ninadai. Kuiba saa moja moja kimyakimya si kudai. Tena anayepunjika mara nyingi si yule mwajiri. Ni mama aliyetoka Kisarawe na mtoto mgonjwa, ameambiwa njoo kesho. Ni yule kijana wa nyuma na daftari lake. Wao wamekudhulumu lini?

Kutawanyika baada ya swala

Hapa naomba niguse jambo ambalo najua litawakera baadhi ya ndugu zangu. Tumepigania kwa muda mrefu, na bado tunapigania, Muislamu apate nafasi ya kuswali kazini na kwenda Ijumaa bila ya kunyanyaswa. Hilo ni faradhi ya Allah (s.w.) na si jambo la kuombea radhi. Lakini rafiki yangu mmoja aliajiriwa katika ofisi moja maeneo ya Posta, akamwendea msimamizi wake kuomba ruhusa ya Ijumaa. Msimamizi, ambaye si Muislamu, hakukataa kwa chuki. Alimwambia: "Mwenzako aliyekutangulia nilimruhusu. Akienda msikitini Ijumaa, tunaonana Jumatatu."

Rafiki yangu alikosa la kujibu. Nami aliponisimulia nilikosa.

Aya ya 9 ya Suratul-Jumu'a inatuamrisha tukisikia wito wa swala siku ya Ijumaa tuache biashara twende kumkumbuka Allah. Aya hiyo kila Muislamu anaijua na anaweza kumsomea bosi wake. Aya ya 10, inayofuata hapohapo, inaamrisha kwamba swala ikimalizika tutawanyike katika ardhi tukatafute fadhila za Allah, na tumkumbuke kwa wingi. Ya 9 tunaitekeleza, ya 10 tunaikalia barazani mpaka alasiri. Aliyemtangulia rafiki yangu hakujua kwamba kila alipobaki kijiweni baada ya swala alikuwa anaifunga njia ya msikitini kwa Muislamu atakayekuja baada yake.

Na muda upo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Udhu, rakaa nne za Adhuhuri pamoja na sunna zake, kwa utulivu kabisa, hazizidi dakika 20. Sahani ya wali maharage utaimaliza kwa zilizobaki. Mwenye kutumia saa mbili asiseme ni swala. Swala isisingiziwe.

Ajzi na uvivu ni mambo mawili

Katika dua ambazo Anas (r.a.) alimsikia Mtume (s.a.w.) akiziomba mara kwa mara, na ameipokea Bukhari, kuna kujikinga kwa Allah na ajzi, na kujikinga na uvivu. Wengi tunaisoma dua ile haraka haraka tukidhani maneno mawili yale, al-ajzi na al-kasali, ni kitu kimoja kilichorudiwa. Wanachuoni wametofautisha. Ajzi ni kukosa uwezo wa kufanya jambo. Uvivu ni kuwa na uwezo, ila nafsi imekuwa nzito. Tofauti hii imenisaidia mimi kuliko semina zote za utendaji bora nilizohudhuria, na nimehudhuria kadhaa, posho nimekula.

Kwa sababu dawa zake hazifanani. Nina mwalimu mwenzangu, mtu mzima, ambaye kila muhula alikuwa wa mwisho kuwasilisha alama. Tulimwita mvivu, mimi nikiwa mmoja wa waliocheka. Kumbe alama zilipohamishiwa kwenye kompyuta alikuwa hajui kuzijaza, na aliona haya kuuliza vijana wa umri wa wanawe. Alasiri mbili tu kijana mmoja alikaa naye, na muhula uliofuata alituwahi wote. Yule hakuwa na uvivu, alikuwa na ajzi, na sisi tulikuwa tunamtibu malaria kwa dawa ya minyoo. Wako wengine wana sukari inayowapiga usingizi mchana hawajapimwa. Wako waliofiwa na bado wamo kwenye huzuni. Wako wanaoamka saa kumi usiku huko Chanika, wanabadili magari mawili wakiwa wamesimama, wanafika kazini tayari wamechoka. Hawa wanahitaji matibabu, mafunzo na mapumziko. Salman (r.a.) alimkuta ndugu yake Abu Dardaa (r.a.) amejichosha kwa ibada, akamwambia kwamba mwili na familia pia vina haki juu yake, na Mtume (s.a.w.) akamthibitisha Salman katika kauli yake. Mwenye kukesha kwenye vikao vya arusi au mechi za Ulaya kisha anasinzia mezani, huyo yuko upande wa pili wa dua.

Upande huo wa pili ndio niliokuwa mimi. Madaftari nilikuwa najua kuyasahihisha. Muda nilikuwa nao. Afya, alhamdulillah. Nilikuwa na kasali.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba mtu anapolala, shetani humfunga mafundo matatu kisogoni, na kila fundo humpigia akimwambia usiku bado mrefu, alale. Akiamka akamtaja Allah, fundo la kwanza linafunguka. Akitawadha, la pili. Akiswali, la tatu, naye huamka mchangamfu na nafsi yake nzuri. Asipofanya hivyo huamka nafsi yake mbaya, mvivu. Mtume (s.a.w.) ametumia neno hilohilo: kaslaan. Basi mtu anayeuliza kwa nini hana hamu ya kazi saa tatu asubuhi, aanze kuulizwa alikuwa wapi saa kumi na moja alfajiri. Mimi miezi ile ya madaftari nilikuwa naiswali Alfajiri jua linakaribia kutoka, nikiwa nimevaa viatu mguu mmoja.

Sisi waswahili tumepewa neema ambayo hatuioni. Saa yetu inahesabiwa kutoka jua linapochomoza. Wenzetu wakisema saa saba asubuhi, sisi tunasema saa moja, maana siku ndiyo kwanza imeanza. Saa za Alfajiri tunazoziita za usiku ndizo zilizo mlangoni mwa siku. Mtume (s.a.w.) aliuombea umma wake baraka katika mapema yake ya asubuhi, na alikuwa akituma kikosi hukituma mwanzo wa mchana. Aliyesimulia hadithi hiyo, Sakhr al-Ghamidi (r.a.), alikuwa mfanyabiashara. Aliishika, akawa anatuma bidhaa zake asubuhi mapema, na wapokezi, Abu Daud na Tirmidhi, wakaona si vibaya kutueleza kwamba alitajirika. Hapa mtaani kwetu Mbagala kuna mzee seremala ambaye sijui kama ameisoma hadithi hiyo, lakini akitoka swala ya Alfajiri harudi kulala. Siku moja nilimpa shikamoo nikamuuliza mbona anawahi hivyo na wateja wake wanakuja saa nne. Akaniambia: "Mwanangu, mteja anakuja saa nne kuchukua kiti. Kiti chenyewe kinatengenezwa saa ngapi?"

Nami nikaenda kulitazama kabati langu. Mikondo minne, kila mmoja wanafunzi kama 60, ni madaftari 240. Nilikuwa nimejiambia nitayasahihisha siku nitakayopata nafasi, na siku hiyo haimo katika kalenda ya mwaka wowote. Aisha (r.a.) amesimulia kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumishwa, hata ikiwa ndogo. Nikaamua madaftari 12 kila siku ya kazi, baada ya kusaini na kabla ya kipindi cha kwanza, simu ikiwa ndani ya mkoba. Kumi na mbili ni machache kiasi kwamba nafsi haina la kulalamika. Ndani ya siku 20 za kazi, ambazo ni wiki nne, yote yalikuwa yamerudi kwa wenyewe. Wiki ya pili nilitaka kuacha. Kilichonizuia ni kukumbuka nia: kwamba daftari lile lina mama aliyeamka usiku kukaanga vitumbua ili alinunue, na kwamba nikilisahihisha kwa ajili ya Allah ni amali iliyoandikwa, na nikilisahihisha kwa kumwogopa mkuu wa shule ni wino mwekundu tu.

Kuna kisa ambacho nikikisoma sasa hivi hunigusa tofauti na zamani, nacho ni cha Nabii Musa (a.s.) kule Madyan, katika Suratul-Qasas. Alifika mkimbizi, hana ndugu, hana chakula, hana kazi. Akawakuta wasichana wawili wamekaa pembeni na wanyama wao, wachungaji wanaume wamekitawala kisima. Hakuuliza analipwa nini. Akawanyweshea, akarudi kivulini, akamwomba Mola wake kheri yoyote aliyomteremshia kwani ni mhitaji. Ajira ilimfuata palepale kivulini. Binti mmoja akamshauri baba yake amwajiri, akitoa sifa mbili za mfanyakazi bora: nguvu na uaminifu. (Kama mzee yule ni Nabii Shuaib au si yeye, wanachuoni wamehitilafiana, na hapa si mahali pake. Ila inatosha kujua kwamba watu wa Madyan ndio walioangamizwa baada ya Shuaib kuwakataza kupunja vipimo wasisikie.)

Mkataba wao ulikuwa wa miaka minane, na kama Musa akitimiza kumi, hiyo ni hiari yake. Ibn Abbas (r.a.) aliulizwa Musa alitimiza muda upi kati ya hiyo miwili. Akajibu, kama ilivyo katika Sahihi ya Bukhari, kwamba alitimiza ule mrefu na ulio bora zaidi. Miaka kumi akichunga kondoo wa mtu, mjini kwa watu waliozoea kupunja, na miwili ya mwisho hakuna aliyeweza kumdai.

Wiki hii nimekusanya madaftari ya mkondo mmoja wa Kidato cha Tatu. Yamebaki 12. Inshaallah watayapata Ijumaa, kabla hatujatoka kwenda swala.